Safura: Kwa Nini Binti Anakula Udongo?

Leo tunazungumzia jambo linalofanyika kimya kimya majumbani mwetu: vijana, hasa wasichana, kula udongo.

Pengine umemkuta binti yako akibandua udongo wa ukuta na kuutia mdomoni. Pengine ulimgombeza, au ulimchapa. Jambo hili si geni, mama. Lina historia ndefu, na historia hiyo ina funzo linaloweza kuokoa maisha ya binti huyo siku atakapokuwa mama.

Jina la zamani

Mwaka 1870 msafiri David Livingstone alikuwa Bambarre katika nchi ya Manyema, mashariki mwa Kongo ya leo. Aliandika katika shajara yake juu ya ugonjwa wa kula udongo, ambao Unguja uliitwa safura. Alieleza kwamba miguu ya mgonjwa huvimba, mwili hukonda, na pumzi humwishia hata kutembea kukawa taabu. Alisema uliwapata watumwa wengi, lakini matajiri wenye chakula tele pia waliupata. Aliona kwamba udongo uliopendwa zaidi ni ule wa kuta, na kwamba wanawake wajawazito wa Manyema waliula mara nyingi.

Kwa maoni yake, watu hao hawakula udongo ili wafe. Hamu yao ya chakula ndiyo iliyougua.

Wengine hawakufikiri hivyo. Katika visiwa vya Karibi, wenye mashamba waliona kula udongo kuwa ukaidi, na watumwa wengine walifungwa barakoa za chuma mdomoni ili wasile. Mdomo ulizibwa, lakini ugonjwa uliokuwa mwilini haukutibiwa.

Minyoo yagunduliwa

Mwaka 1838 daktari Angelo Dubini wa Milan, Italia, alikuta minyoo midogo ndani ya utumbo wa marehemu. Baadaye ilijulikana kwamba minyoo hiyo hujishikiza kwenye utumbo na kunyonya damu. Sisi twaiita minyoo ya safura.

Lakini huingiaje mwilini? Jibu lilipatikana Cairo, Misri, mwaka 1898. Mwanasayansi Arthur Looss alimwagikiwa mkononi na maji yenye vijidudu vya minyoo hiyo. Ngozi ikamwasha, na baada ya muda mayai ya minyoo yakaonekana katika choo chake. Hapo ndipo ilipojulikana kwamba minyoo ya safura hupenya ngozi, hasa ya miguu isiyo na viatu ikikanyaga ardhi yenye kinyesi.

Utafiti wa Pemba uliochapishwa mwaka 1997 ulionyesha uzito wa jambo hili. Kati ya watoto wa shule 3,595, zaidi ya 6 katika kila 10 walikuwa na upungufu wa damu. Karibu robo tatu ya upungufu ule mkali ulitokana na minyoo ya safura.

Majirani zetu wa Kilifi

Mwaka 1997 watafiti walieleza habari za watoto wa shule 285 magharibi mwa Kenya, wenye umri wa miaka 5 hadi 18. Watoto 73 katika kila 100 walisema wanakula udongo kila siku. Wavulana walipokua waliacha, lakini wasichana wengi waliendelea.

Mwaka 1998 yakatoka matokeo ya Kilifi, hapa hapa Pwani. Kati ya wajawazito 275, zaidi ya nusu walikuwa wakila udongo mara kwa mara, na damu yao ilikuwa pungufu kuliko ya wenzao. Walipoulizwa, akina mama wenyewe walihusisha udongo na ujauzito, upungufu wa damu, minyoo, na ugonjwa wanaouita safura. Jina lile la mwaka 1870 bado lilikuwa midomoni mwa watu.

Utauliza, je, udongo ndio unaomaliza damu, au damu ikipungua ndipo hamu ya udongo inakuja? Yote mawili yaweza kuwa kweli. Mtu aliyepungukiwa na madini ya chuma mwilini aweza kutamani udongo, barafu, mkaa au mchele mbichi. Naye akila udongo, aina nyingine huzuia chuma cha chakula kisiingie katika damu, na udongo mchafu humpa mayai ya minyoo mingine ya tumbo.

Lakini dawa ya damu peke yake haiondoi hamu kila mara. Huko Lusaka, Zambia, utafiti wa mwaka 2004 uliona kwamba watoto waliopewa madini ya chuma hawakuacha udongo zaidi ya wenzao. Mazoea nayo yana nguvu. Ndiyo maana madaktari huhesabu jambo hili miongoni mwa magonjwa ya ulaji, pamoja na lile la kijana kujinyima chakula hadi akonde kupita kiasi.

Dalili za kuangalia

Mvute binti karibu na mwangaza. Tazama ndani ya kope la chini, ulimi na viganja. Je, vimepauka? Je, anachoka upesi, anasikia kizunguzungu, moyo unamwenda mbio akibeba maji? Akihema kwa shida hata akiwa ameketi, au miguu ikivimba, au tumbo likiuma na kujaa na choo kisitoke, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Matibabu

Katika zahanati ataulizwa maswali, kisha damu itapimwa kiwango chake na malaria. Kwetu kandokando ya mto ni vizuri mkojo pia upimwe kichocho, kwani nacho hupoteza damu. Atapewa dawa ya minyoo na vidonge vya kuongeza damu. Vidonge hivyo hufanya choo kuwa cheusi, usiogope. Asiache kuvimeza anapopata nafuu, amalize muda alioambiwa. Vifiche mbali na watoto wadogo, kwa kuwa vikiliwa vingi ni sumu. Binti akiwa mjamzito, mweleze mhudumu kabla ya dawa yoyote.

Nyumbani, mpe samaki, maini au nyama ukipata, kunde na mboga za majani. Embe zetu au ndimu pamoja na chakula husaidia chuma kuingia mwilini. Chai huzuia, basi inywewe baadaye, si pamoja na chakula wala vidonge. Maziwa ni mazuri, lakini hayana chuma cha kutosha. Mvalishe ndala, na mtumie choo. Mafuriko yakibomoa choo, kijengeni upya mahali palipoinuka.

Na umwulize kwa upole: unakula kiasi gani, na hamu inakujia saa ngapi? Binti anayechapwa huenda kula mafichoni, nawe hutajua damu yake ikoje. Mama anayejifungua akiwa na damu kidogo hana akiba. Damu ikimtoka, hata isiyo nyingi, maisha yake yamo hatarini. Akiba hiyo huanza kuwekwa sasa, akiwa bado msichana kwako.

Kumbuka basi, mama: ukimwona akila udongo, tazama kope lake kwanza, kisha mpeleke zahanati.