I Am Sitting in a Room

I Am Sitting in a Room ni kazi ya sauti iliyotungwa mwaka 1969 na Alvin Lucier (1931–2021), mtunzi wa Marekani aliyefundisha kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Wesleyan, Connecticut. Haina ala ya muziki; kinachopigwa ni chumba chenyewe.

Msomaji huketi chumbani na kusoma maandishi mafupi yanayoeleza kile atakachofanya. Sauti yake hunaswa kwenye tepu, tepu huchezwa kwa spika humohumo chumbani, na sauti hiyo hunaswa upya. Nakala mpya nayo huchezwa na kunaswa, tena na tena. Sasa, kila chumba hukuza masafa fulani ya sauti na kufifisha mengine, kulingana na vipimo vyake: kati ya kuta mbili zilizoachana mita 5, masafa ya chini kabisa yanayovuma ni takribani hezi 34. Mtu akizungumza mara moja, tofauti hiyo haitambuliki kwa urahisi, lakini kila mzunguko huilimbikiza juu ya ile iliyotangulia. Konsonanti hulainika, maneno huanza kuungana, hatimaye husikika milio mirefu tu inayopishana. Cha msemaji kinachosalia ni mwendo wa usemi wake, pale aliposita na pale alipoharakisha.

Lucier alikuwa na kigugumizi, na maandishi anayosoma yanalitaja jambo hilo waziwazi. Ndiyo maana kazi hii inagusa moyo kuliko jaribio lolote la fizikia: kusitasita kwake ndiko kunakoupa muziki huo mapigo yake.

Mwaka 1970 kazi ilioneshwa katika Jumba la Makumbusho la Guggenheim, New York, pamoja na picha za Polaroid za Mary Lucier, zilizonakiliwa nakala kwa nakala kwa utaratibu uleule. Rekodi inayojulikana zaidi, ya 1980, ina mizunguko 32 na huchukua kama dakika 45. Jacob Kirkegaard wa Denmark aliifuata njia hiyo katika 4 Rooms (2006), ila bila sauti ya mtu: alinasa ukimya wa vyumba vilivyohamwa katika eneo la Chernobyl.

Vipande vifupi vya rekodi ya 1980 havitoshi. Isikilizwe yote, kwa sababu hakuna anayeweza kuonesha ni sekunde ipi neno lilikoma na chumba kikaanza.