Grisi, si gundi

Kile kinachopakwa kati ya prosesa na kipoza joto cha laptopu kisiitwe gundi. Gundi hunasa, hiki hakinasi, skrubu ndizo zinazobana. Kazi yake ni kuziba vibonde visivyoonekana kwa macho ili hewa, mpitishaji hafifu mno wa joto, isibaki humo. Anayedhani ni gundi hurundika, na tabaka nene huzuia joto lile lile. Tena gundi ya joto ya kweli ipo: ukiipaka hapo kwa kukosea, kipoza huenda kisibanduke bila kuharibu prosesa. Mtu atasema jina halipozi mashine. Kweli, ila jina huongoza mkono. Grisi hupakwa kidogo, mashine imezimwa, betri imechomolewa, ya zamani imefutwa kwa spiriti.