Samaki na maziwa: Je, ni kweli vyakula hivi havipatani?

KUNA vyakula ambavyo inaaminika havipaswi kukutana tumboni. Nchini India, watu wengi hawathubutu kula samaki na kunywa maziwa katika mlo mmoja. Chimbuko la mwiko huo ni Ayurveda, elimu ya tiba ya Kihindi ambayo imedumu kwa zaidi ya miaka 2,000.

Kulingana na elimu hiyo, tumboni mna moto uitwao agni, ambao kazi yake ni kukipika chakula ili mwili ukitumie. Moto huo ukiwa na nguvu, mtu huwa na siha njema. Ukififia, chakula hukosa kusagika na kugeuka uchafu uitwao ama, ambao husemekana kuziba njia za mwili na kuzua maradhi.

Ndiposa waganga wa Ayurveda huonya dhidi ya vyakula vinavyopingana. Charaka Samhita, mojawapo ya vitabu vikongwe vya elimu hiyo, hutaja aina 18 za upinzani huo. Samaki na maziwa havipatani kwa kuwa samaki huutia mwili joto ilhali maziwa huupoza. Asali na samli zisichanganywe kwa vipimo sawa, wala asali isitiwe motoni. Hata hivyo, kitabu hicho chakiri kwamba mtu mwenye nguvu, afanyaye mazoezi au aliyezoea mseto fulani, huenda asidhurike.

Sayansi ya leo ina maelezo tofauti. Tindikali ya tumbo, nyongo na maji ya kongosho husaga wanga, protini na mafuta kwa pamoja. Maziwa yenyewe yana protini, mafuta na sukari, na mtoto mchanga huyameng'enya bila shida.

Hatari hujitokeza pale mwiko unapogeuzwa kuwa hukumu. Wapo wanaoamini kwamba samaki na maziwa ndivyo husababisha vitiligo, yaani mabaka meupe ya ngozi. Ugonjwa huo hutokea wakati kinga ya mwili inaposhambulia chembechembe zinazoipa ngozi rangi. Haumbukizwi, wala hauletwi na mlo. Anayemlaumu mgonjwa kwa alichokula humwongezea fedheha, na anayemnyima mtoto samaki au maziwa kwa hofu hiyo humpunguzia protini anazohitaji ili akue.

Hii haimaanishi kwamba mseto wa vyakula hauna maana. Mahindi na maharagwe katika githeri hukamilishana kwa protini. Ndimu juu ya mboga husaidia mwili kufyonza madini ya chuma, ilhali chai inayonywewa pamoja na mlo huyapunguza. Nayo asali, iwe imepashwa moto au la, mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe kamwe, kwani yaweza kuwa na viini vinavyozalisha sumu utumboni mwake.

Ushauri wa Ayurveda wa kula kwa utulivu na kutoshiba kupita kiasi haumdhuru mtu. Lakini anayeumwa na tumbo kila anywapo maziwa huenda mwili wake haumudu sukari yake, na anayevimba midomo au kuwashwa baada ya kula samaki huenda ana mzio. Hao wamwone daktari, badala ya kuulaumu mseto.