Gobore, Leseni na Mishale ya Ikungi

Gobore halina namba ya kiwandani. Mhunzi wa kijijini hulitengeneza kwa bomba la maji, kitako cha mti mgumu na vyuma vya kuokoteza. Baruti humiminwa kupitia mdomoni na kushindiliwa kwa mti, goroli zikafuata. Likikosa shabaha, nguruwe pori ameshatokomea kabla mwenyewe hajamaliza kushindilia mara ya pili. Ndiyo bunduki ambayo watu wa wilaya ya Ikungi na mkoa wote wa Singida wameizoea kuliko nyingine yoyote, na kuzoeleka kwake kuna mkono wa sheria iliyoandikwa mbali sana na mashamba ya alizeti.

Mwaka 1888 balozi wa Uingereza mjini Zanzibar, Charles Euan-Smith, alikadiria kuwa bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kila mwaka. Nyingi zilikuwa makuukuu: majeshi ya Ulaya yalikuwa yakihamia kwenye silaha mpya, na za zamani zikatafutiwa soko. Misafara ilizipitisha Ugogo na kwenye vichaka vya Mgunda Mkali, kusini mwa Ikungi ya leo, kuelekea Tabora. Huko Mtemi Mirambo alikuwa amejenga himaya kwa bunduki za wapiganaji wake walioitwa rugaruga, na huko huko, Januari 1893, Mtemi Isike aliwasha ghala lake la baruti akiwa ndani badala ya kukamatwa na Wajerumani.

Wakubwa wa Ulaya walishashtuka. Tarehe 2 Julai 1890, mjini Brussels, walitia saini mkataba wa kupiga vita biashara ya watumwa, na humo wakapiga marufuku uingizaji wa bunduki katika sehemu kubwa ya Afrika. Waliacha upenyo mmoja: bunduki za gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu, na baruti ya kawaida, ziliweza kuruhusiwa kwa masharti. Kwa maneno mengine, Mwafrika aachiwe silaha ya aina ya gobore, ambayo haiwezi kushindana na ya askari wa mkoloni. Utumwa ulikuwa sababu ya kweli, lakini haikuwa peke yake.

Wanyaturu, wenyeji wa Ikungi, walipambana na Wajerumani kwa walichokuwa nacho. Simulizi za Singida zinamtaja Liti, mwanamke aliyewatumia nyuki kuwatimua askari wenye bunduki. Uwanja wa mpira wa Singida mjini, zamani Namfua, leo unaitwa Liti.

Waingereza walikuja na leseni, na Tanzania huru ikaendelea nazo. Sheria ya Silaha na Risasi ikatungwa upya mwaka 1991. Hata hivyo, ulinzi wa kijijini haukusubiri leseni. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, silaha zilizagaa na wezi wa ng'ombe wakapata nguvu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, sungusungu, walinzi wa jadi wa vijiji, walianza Usukumani na Unyamwezini, wakaenea hadi Singida wakiwa na pinde na mishale. Mwaka 1989 sheria iliwatambua. Dola iliwakubali wananchi wajilinde, ila si kwa risasi.

Sheria inayotumika sasa ni ya 2015, iliyoingiza nchini matakwa ya Protokali ya Nairobi ya 2004. Kumiliki silaha si haki ya mtu. Mwombaji lazima aonyeshe sababu ya kuaminika na uwezo wa kuitumia na kuihifadhi. Mwaka 2016 ukaja uhakiki wa silaha, na hata Rais John Magufuli alihakikiwa silaha zake Ikulu.

Daftari la silaha lina mipaka yake, na Ikungi wanaijua. Tarehe 7 Septemba 2017 Tundu Lissu, mzaliwa wa kijiji cha Mahambe wilayani Ikungi na mbunge wa Singida Mashariki wakati huo, alimiminiwa risasi nje ya makazi yake Dodoma. Alinusurika. Uhakiki haumgusi mtu ambaye hakuipeleka silaha yake kuhakikiwa.

Kwa watu wa namna hiyo serikali imejaribu njia ya msamaha. Kuanzia Septemba 1 hadi Oktoba 31, 2022, aliyesalimisha silaha haramu polisi au kwenye ofisi za serikali za mitaa hakushitakiwa. Mwaka uliofuata miezi hiyo hiyo ikatumika tena. Wanaobanwa zaidi na utaratibu wa leseni ni warithi. Baba akifariki, shamba na ng'ombe hugawanywa kwenye kikao cha ukoo, lakini leseni hairithiwi. Silaha hupelekwa polisi, na kijana anayeitaka huomba upya kwa jina lake: barua ya mwenyekiti wa kijiji, kikao cha kijiji, kata, mkuu wa polisi wa wilaya (OCD), kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya, mkoa, na hatimaye makao makuu ya polisi.