Hongo na mtoto anayeonewa

Wengi tuliisoma tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile (1969), kama hadithi ya vita. Mimi naisoma pia kama hadithi ya wanyonge waliopata rafiki asiyeonekana.

Mwaka 1904, kule Ngarambe, Kinjikitile Ngwale alisema amepandwa na pepo Hongo, akagawa maji: risasi za Mjerumani zisingewadhuru. Watu walikuwa wakilimishwa pamba kwa viboko. Julai 1905 Wamatumbi wakaing'oa pamba hiyo, na vita vikafika hadi huku kwetu kwa Wamwera. Maji hayakuzuia risasi. Hadi 1907, vita na njaa viliua watu wanaokadiriwa kufikia 300,000.

Sasa Hongo alisaidia nini? Aliwakutanisha. Wamatumbi, Wangindo, Wamwera, Wangoni: kabla ya hapo kila mmoja alikuwa anachapwa kivyake.

Nikiwa darasa la tatu, Nachingwea, nami nilikuwa na wangu. Wakubwa waliponinyang'anya hela ya andazi, niliongea naye njiani hadi nyumbani. Hakuzuia ngumi hata moja. Ila alinipa moyo wa kumwambia mwenzangu wa dawati moja, kumbe naye ananyang'anywa! Tukaenda wawili kwa mwalimu. Kesho yake tulikuwa wanne.

Kwa hiyo wewe mzazi wa Ruangwa, mwanao akiongea peke yake usimcheke, wala usikimbilie kwa mganga. Muulize nani anamwonea. Halafu nenda naye shuleni.