Ndoa ikivunjika Ujerumani, kibali cha kuishi kinakuwaje?

Wengi husubiri cheti cha talaka ndipo waanze kuuliza habari za kibali. Kwa sheria za Ujerumani, kufikia hapo huenda wamechelewa. Kinachoangaliwa kwanza ni siku mume na mke walipoacha kuishi pamoja.

Huku pwani, kuanzia Malindi na Diani hadi Zanzibar, si jambo geni kusikia kwamba binti au kijana wa jirani amefunga ndoa na Mjerumani na amehamia huko. Kabla ya kuondoka kuna mtihani wa Kijerumani cha ngazi ya A1, kisha viza ya ubalozi, na akifika hupewa kibali cha kuishi kwa sababu ya ndoa. Kibali hicho kinamruhusu pia kufanya kazi. Lakini kimefungwa kwenye sababu moja: wawili hawa wanaishi pamoja kama mume na mke. Sababu ikiondoka, kibali nacho huyumba.

Kutengana na talaka ni vitu viwili

Ujerumani, talaka hutolewa na mahakama peke yake. Talaka ya mdomo iliyotamkwa nyumbani au mbele ya sheikh akiwa Ujerumani haivunji ndoa kwa sheria ya nchi hiyo. Kwa kawaida, kabla ya mahakama kuvunja ndoa, wawili hao wanatakiwa wawe wametengana kwa mwaka mmoja. Kipindi hicho Wajerumani hukiita Trennungsjahr. Wanaweza hata kuwa wametengana ndani ya nyumba moja, kila mmoja akilala chumba chake na kujitegemea kwa matumizi.

Hapo ndipo wengi hujikwaa. Mtu anadhani kwa kuwa bado ana cheti cha ndoa, yuko salama. Sivyo. Ofisi inayoshughulikia wageni, Ausländerbehörde, haisubiri hukumu ya talaka. Ikijua kwamba mmetengana moja kwa moja, ina uwezo wa kufupisha muda wa kibali hata kama tarehe iliyoandikwa juu yake haijafika.

Miaka 3

Kifungu cha 31 cha sheria ya ukaazi ya Ujerumani kinampa mgeni nafasi ya kubaki kwa haki yake mwenyewe, bila kumtegemea mwenza. Sharti kubwa ni kwamba wawili hao wawe wameishi pamoja katika ndoa, kihalali, ndani ya Ujerumani, kwa angalau miaka 3. Muda huo umewahi kubadilishwa: mwaka 2000 ulipunguzwa kutoka miaka 4 hadi 2, kisha mwaka 2011 ukapandishwa kuwa 3.

Tuchukue mfano. Mke na mume wameoana Mombasa na kuishi huko miaka 5. Wanahamia Hamburg, na baada ya mwaka mmoja na nusu wanatengana. Ndoa ina zaidi ya miaka 6, lakini kwa hesabu ya kifungu hicho mke ana mwaka mmoja na nusu tu, kwa sababu miaka ya Mombasa haihesabiwi. Miaka ya uchumba nayo haihesabiwi.

Aliyetimiza miaka 3 huongezewa kibali kwa mwaka mmoja. Katika mwaka huo, kupokea msaada wa serikali hakumnyimi nyongeza hiyo. Baada ya hapo mambo hubadilika, na ofisi itataka kuona kwamba anajilisha kwa kipato chake. Kwa hiyo mwaka huo ni wa kutafuta kazi na kuendeleza lugha. Kama mwenza aliyemleta alikuwa mgeni pia, aina ya kibali cha mwenza huyo nayo huangaliwa.

Mwenza akifariki wakiwa bado wanaishi pamoja Ujerumani, mjane anaweza kupata haki hiyo hata kama miaka 3 haijatimia.

Kama kuna kipigo nyumbani

Sheria hiyo haimtaki mtu avumilie mateso ili atimize miaka. Inaruhusu sharti la miaka 3 liondolewe pale ambapo kumlazimisha mtu aendelee na ndoa, au arudi kwao, kungemtia katika ugumu mkubwa usio wa kawaida. Ukatili wa nyumbani umetajwa humo waziwazi, na maslahi ya mtoto anayeishi na mzazi huyo huzingatiwa pia.

Tatizo huwa ni ushahidi. Karatasi ya daktari, taarifa ya polisi, barua kutoka nyumba ya hifadhi ya wanawake, Frauenhaus, jumbe za vitisho kwenye simu, mashahidi: vyote hivyo vina uzito. Polisi hupigiwa 110. Kuna pia simu ya msaada kwa wanawake, 116 016, inayopokelewa saa 24, bila malipo na kwa lugha nyingi. Tangu mwaka 2002 mahakama ina uwezo wa kuamuru anayepiga ndiye atoke nyumbani, si anayepigwa.

Na tishio la "nitakurudisha kwenu kesho" lisikutie hofu kupita kiasi. Mume au mke hana mamlaka ya kufuta kibali cha mwenzake. Anachoweza ni kutoa taarifa kwamba mmetengana. Anayeamua ni ofisi, na uamuzi wake unaweza kupingwa kwa kufuata muda ulioandikwa kwenye barua.

Mtoto na njia nyingine

Mzazi wa mtoto mdogo mwenye uraia wa Ujerumani, ambaye ana haki ya malezi ya mtoto huyo, anaweza kupata kibali kwa sababu ya mtoto, hata kama ndoa ilidumu miezi michache. Lakini lazima malezi yawe ya kweli. Baba anayetuma pesa ya matunzo tu bila kumwona mtoto atapata shida kuieleza ofisi kwa nini abaki.

Asiye na mtoto na hajatimiza miaka 3 bado anaweza kuomba kibali cha aina nyingine, kama cha kazi ya ujuzi, cha mafunzo ya ufundi au cha masomo. Kila kimoja kina masharti yake, na vyeti vya nyumbani huenda vikahitaji kutambuliwa kwanza.

Aliyekuwa na mwenza kutoka nchi nyingine ya Umoja wa Ulaya, tuseme Mtaliano anayefanya kazi Munich, ana hesabu tofauti. Hapo ndoa iwe imedumu miaka 3 hadi kesi ya talaka ilipofunguliwa, na angalau mwaka mmoja kati ya hiyo wawe wameishi Ujerumani.

Tarehe moja, ofisi mbili

Wapo wanaotaka talaka iishe haraka, wakaiambia mahakama kwamba walitengana mapema kuliko ilivyokuwa. Tarehe hiyo hiyo ikifika kwa ofisi ya wageni inaweza kuikata miaka 3 ikawa 2 na kitu. Wapo pia wanaofanya kinyume chake, wakasaini kwamba bado wanaishi pamoja kumbe mmoja alihama zamani. Kutoa maelezo ya uongo ili kupata kibali ni kosa la jinai.

Kwa hiyo, kabla ya kuhama nyumba au kusaini chochote, tafuta ushauri. Caritas, Diakonie na AWO wana washauri wa wahamiaji wasiotoza pesa. Mwenye kipato kidogo anaweza kuomba hati ya msaada wa kisheria katika mahakama ya mwanzo, Amtsgericht, kisha akamwona wakili kwa euro 15. Na ombi la kuongeza kibali lipelekwe kabla cha zamani hakijaisha, kwa sababu likiwahi, kibali cha zamani huendelea kuhesabika halali hadi ofisi itoe uamuzi.