Dodoso la mgonjwa wa moyo

Dodoso la mgonjwa wa moyo ni orodha ya maswali anayojibu mtu ambaye moyo wake umeshindwa kusukuma damu ipasavyo, ili daktari ajue anavyoendelea tangu kliniki iliyopita. Picha ya moyo huonyesha msuli. Lakini usiku ambao mgonjwa alikesha ameketi, pumzi zikimkatika, anaujua yeye na wa nyumbani kwake.

Madodoso mawili yanayojulikana zaidi yametoka Marekani. La Minnesota, la miaka ya 1980, lina maswali 21. Alama ni 0 hadi 105, na zikipanda hali imekuwa mbaya. La Kansas City, lililochapishwa mwaka 2000, lina maswali 23 na huhesabu kinyume: 100 ndiyo afadhali, na badiliko la alama 5 si la kupuuzwa. Asiyejua ni dodoso lipi anaweza kumpongeza mgonjwa anayezidiwa.

Dodoso la Kansas City huuliza kuhusu wiki 2 zilizopita: miguu kuvimba asubuhi, uchovu, kulala kitini au kwa mito mitatu. Huuliza pia kama mgonjwa hupanda ngazi za ghorofa bila kupumzika. Swali hilo likifika Magu, wilaya ya wakulima, wafugaji na wavuvi kwenye Ghuba ya Speke, linakwama. Mama wa kijijini atasema hana ngazi za kupanda, na jibu hilo halihesabiwi. Mwulize kuhusu ndoo ya maji kichwani au kupalilia pamba, atakueleza mpaka mahali anapotua kupumzika. Ila swali jipya halichomekwi tu. Dodoso lazima lijaribiwe upya, na kwa wazee wengi lisomwe kwa Kisukuma.

Kuhojiwa kwenyewe si kugeni: kata ya Kisesa, wilayani humo Magu, ilianza kufuatiliwa nyumba kwa nyumba mwaka 1994 katika utafiti wa VVU. Kazi ni adabu ya salamu. Mtu huanza na “sijambo, namshukuru Mungu” hata kifua kikimbana, hivyo anayesoma maswali asiandike jibu la kwanza haraka.

Wanaougua si wazee peke yao. Katika utafiti wa Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, uliochapishwa mwaka 2014, wagonjwa 427 walikuwa na wastani wa miaka 55, na shinikizo la damu lilikuwa chanzo kwa asilimia 45.

Anayeanza kuhitaji mto wa ziada usiku, au aliyeongezeka uzito zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, asingoje tarehe ya kliniki wala dodoso, aende hospitali.